Rangi Ije Mwisho

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupendezesha bafu na sebule. Kila anayekuja kwangu kuniuliza habari za vyumba hivi viwili huanza na swali lile lile: tupake rangi gani? Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na sijakutana bado na mteja aliyefungua mazungumzo kwa kuniuliza maji yataelekea wapi. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nikishaingia ndani nafumba macho kwanza, nauliza kinachopita humo ni nini. Bafuni hupita maji na mvuke. Sebuleni hupita watu, mwanga na sauti. Chumba ni njia kabla hakijawa pambo, na aliyeanza na pambo atailipia njia mara mbili.

Nasema hivyo kwa sababu nimelipa. Bafu la kwanza nililojitengenezea mwenyewe, wakati huo tayari najiita mbunifu, nililiwekea vigae vya kijivu vya sentimita 60 kwa 60. Niliviona, nikavipenda, nikavinunua, ndipo nikamwita fundi. Tundu la kutolea maji lilikuwa katikati ya sakafu. Sasa fikirini: tundu likiwa katikati, sakafu inatakiwa iteremke kutoka pande zote nne kulielekea, kama bakuli. Kigae kikubwa hakikunjiki. Ama kikatwe mshazari, kwa mistari inayofanana na mgongo wa bahasha, ama kilazwe bapa na mwenye nyumba aanze kusali. Fundi alinieleza yote hayo. Nikamwambia vigae vyangu visikatwe. Akavilaza bapa.

Siku ya kwanza nilipooga, maji yalitoka bafuni kabla yangu.

Nikachukua gololi ya mtoto nikaiweka kando ya lile tundu. Ilitulia kidogo kama inayotafakari, halafu ikaanza kubingirika polepole, ikalipa tundu kisogo, ikaenda kusimama kwenye kizingiti cha mlango. Nilipolaza ubao ulionyooka na pimamaji juu yake, nikakuta kizingitini ni chini kuliko penye tundu kwa milimita 8. Milimita nane tu, unene wa kigae kimoja! Kwa miaka 3 nyumba yangu ilikuwa na mpira wa kukaushia sakafu nyuma ya mlango wa bafu, na kila aliyeoga alikuwa na zamu ya kuyarudisha maji kule yalikopaswa kwenda yenyewe. Wageni nilikuwa nawaonyesha namna ya kuushika. Fundi simlaumu. Mimi ndiye niliyechagua sura kabla ya njia.

Basi hesabu yake ni hii. Sakafu ya kuogea iteremke kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita moja kuelekea tundu. Ikipungua hapo maji yanasimama, ikizidi sana unahisi umesimama kilimani. Ukitaka vigae vikubwa, tundu lisiwe la duara katikati. Weka mfereji mwembamba kando ya ukuta, sakafu iteremke upande mmoja tu, na vigae vyako vitalala bila kukatwa ovyo. Ukitaka tundu libaki katikati, mahali pa kuogea weka vigae vidogo, vya sentimita 5 au 10, maana vyenyewe hufuata mteremko kama kitambaa. Kwa hiyo ukubwa wa kigae unaamuliwa na tundu. Ukienda dukani kabla hujajua tundu litakaa wapi, umetanguliza mkokoteni mbele ya punda. Na kabla hujamkabidhi fundi malipo yake ya mwisho, mwaga ndoo ya maji sakafuni, simama uangalie. Gololi nayo ni kipimo kizuri, na haina upendeleo.

Chini ya vigae kuna jambo jingine ambalo halipigwi picha. Wengi huamini kwamba kigae ndicho kinachozuia maji. Kigae chenyewe ndiyo, kinazuia, lakini kati ya kigae na kigae kuna grauti, ule ujazo wa mianya, na grauti ya saruji hunywa maji. Yanayopita hapo yanakwenda kwenye zege, kwenye ukuta wa chumba cha pili, kwenye dari ya wanaoishi chini yako. Kinachozuia hasa ni ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa kabla ya vigae: sakafu nzima, kisha ipande ukutani sentimita 15 hivi pande zote, na pale penye mvua ya kuogea ipande mpaka mita 2. Pembeni, ukuta unapokutana na sakafu, panawekwa utepe maalumu ndani ya dawa, kwa sababu nyumba hucheza kidogo na dawa peke yake hupasuka. Ikishakauka, ziba tundu, jaza maji ya kina cha sentimita chache, yaache saa 24. Ukirudi ukakuta yamepungua kwa namna ambayo jua haliwezi kuieleza, shukuru Mungu kwamba vigae bado viko kwenye maboksi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya nyumba kucheza, kona za ndani zisijazwe grauti. Zijazwe silikoni, ambayo hunyumbuka. Grauti ya konani itapasuka tu, mwaka huu au ujao, na ule ufa mwembamba mweusi unaouona kwenye mabafu mengi ndipo ulipozaliwa.

Naomba pia kila mmoja wenu afanye jambo lisilogharimu kitu. Siku mabomba na nyaya zimeshapita ukutani na kabla hazijafunikwa, simamisha futikamba iliyofunguliwa ukutani, halafu piga picha ya kila ukuta. Miaka kumi baadaye utataka kutoboa ukuta utundike kioo, na ile picha itakuambia bomba liko sentimita ngapi kutoka konani. Nimeona mtu akitoboa bomba kwa ajili ya ndoano ya taulo. Ndoano moja.

Tuje kwenye harufu, maana watu huona haya kuiuliza. Mwaka 1775 mtengeneza saa mmoja wa Kiskoti aliyekuwa akiishi London, Alexander Cumming, alipewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, ya choo chenye bomba lililopindwa kama herufi S. Werevu wake wote uko kwenye ule mpindo: maji kidogo hubaki ndani yake muda wote, na hayo maji ndiyo mlango unaoizuia hewa chafu isirudi chumbani. Mpaka leo kila choo, kila sinki na kila tundu la sakafuni linategemea kifuniko hicho cha maji, kwa kawaida cha kina cha sentimita 5 hivi. Sasa, bafu la wageni lisilotumika wiki nyingi hunuka kwa nini? Maji ya kwenye mpindo yamekauka. Watu hununua manukato, hununua dawa kali, wengine huvunja sakafu. Mwagia tundu kikombe cha maji safi usubiri saa moja. Harufu ikiendelea, ndipo umwite fundi bomba, na umwulize kwanza kama bomba la kupumulia lilifikishwa juu ya paa au liliishia njiani.

Mvuke nao una njia yake. Kuoga kwa maji moto hujaza chumba unyevu, na unyevu usipotolewa hujenga ukungu darini, kwanza madoa madogo kama pilipili manga iliyosagwa, halafu ramani nzima. Kama dirisha lipo, liwe juu na lifunguke kweli. Kama halipo, feni ya kutolea hewa itoe nje ya nyumba. Narudia: nje. Nimepanda juu ya dari za watu nikakuta feni inapuliza mvuke wote humo humo darini, mbao zimelowa, na mwenye nyumba anasifu feni yake kwamba haina kelele. Iache iendelee dakika 15 au 20 baada ya kuoga. Na chini ya mlango acheni nafasi ya sentimita 1, kwa sababu feni haiwezi kutoa hewa ambayo haina pa kuingilia. Mlango uliobana sakafuni hugeuza feni kuwa pambo la kuunguruma.

Kuteleza. Boksi la vigae mara nyingi huwa na herufi R ikifuatwa na namba kuanzia 9 hadi 13; kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika mguu. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa viatu na mafuta. Kuna kingine cha miguu mitupu na maji ya sabuni, chenye herufi A, B na C, na hicho ndicho cha bafuni: tafuta B kwa sehemu ya kuogea. Vigae vinavyong'aa kama kioo viende ukutani. Mnaniambia ni vizuri, nami nakubali ni vizuri. Viende ukutani.

Nafasi ya choo nitaipitia haraka kwa sababu ni hesabu tupu: kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni isipungue sentimita 38, na mbele yake sentimita 60 za kusimama na kugeuka. Padogo pako si pakubwa pa mwenzako, lakini hata padogo pana kipimo. Mlango wa bafu, pale inapowezekana, ufunguke kwenda nje. Mtu akianguka ndani akaziba mlango unaofunguka kwa ndani, hamtamfikia bila kuuvunja, na hili si jambo la wazee peke yao.

Taa ya kioo inastahili maneno machache zaidi. Wengi huweka taa moja darini, juu kabisa ya kichwa, kisha wanalalamika kwamba kioo kinawazeesha. Kioo hakina kosa. Mwanga ukitoka juu, paji la uso hutupa kivuli machoni na pua hutupa kivuli mdomoni. Weka taa mbili, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso, na utaona umepumzika hata kama hukulala. Balbu iwe ya kelvini 2700 hadi 3000, yaani mwanga wa manjano kidogo, na kwenye boksi tafuta alama ya CRI yenye 90 au zaidi, inayoonyesha jinsi mwanga huo unavyozitendea haki rangi, ikiwemo rangi ya ngozi yako. Karibu na maji taa iwe na alama ya IP44 angalau. Ile 4 ya pili maana yake ni kwamba marasharasha ya maji kutoka upande wowote hayaidhuru. Ndani kabisa, mvua inapomwagika, masharti ni makali zaidi, na hapo ni kazi ya fundi umeme mwenye cheti. Mimi mwenyewe sigusi.

Mabomba meusi, mabomba ya rangi ya dhahabu, beseni la jiwe: sina ugomvi navyo. Ninachouliza kila mara ni nani atakayelisafisha bafu hilo. Bomba jeusi huonyesha kila tone la maji ya chumvi lililokaukia juu yake. Beseni lililokalishwa juu ya meza kama bakuli lina ukingo wa chini unaokusanya uchafu mahali ambapo kitambaa hakifiki vizuri. Mwulizeni anayesafisha kabla ya kununua. Katika nyumba nyingi nilizoingia, huyo ndiye asiyeulizwa.

Sebule sasa.

Mama mmoja aliwahi kuniita akiwa na malalamiko ya ajabu kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "wageni wangu hawakai. Wanakuja, wanakunywa, wanaondoka. Sebule nimeibadilisha rangi mara mbili." Niliingia. Sebule ilikuwa kubwa, safi, imepakwa rangi ya kupendeza, na kila kiti kilikuwa kimegandishwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Katikati palibaki uwanja. Nikapima kutoka kochi moja hadi la pili lililoelekeana nalo: mita 5 na robo. Nikamwomba aketi upande ule, nami upande huu, tuzungumze. Tulijikuta tunapaza sauti. Mtu hawezi kukaa saa nzima akipaza sauti, atachoka na kuaga bila kujua kilichomchosha.

Hatukununua kitu siku hiyo. Tulivuta makochi kutoka ukutani mpaka umbali kati ya nyuso ukawa mita 2 na nusu, tukakigeuza kiti kimoja kiegemee kidogo upande wa dirisha, tukaliburuta zulia mpaka miguu ya mbele ya kila kiti ikalikanyaga. Zulia lililolala peke yake katikati bila kuguswa na kiti chochote huonekana kama mtu aliyesahauliwa kwenye sherehe. Nyuma ya kochi palibaki njia ya kupita. Yule mama aliangalia ukuta mtupu nyuma ya makochi akasema, "Sasa hapo nyuma patakuwa na nini?" Nikamwambia hewa. Hakuridhika sana na jibu hilo, nadhani mpaka leo hajaridhika, ila viti hakuvirudisha.

Kwa hiyo anzeni na maneno na miguu. Nyuso zinazozungumza zisiachane zaidi ya mita 3. Njia kuu, ile ya kutoka mlangoni kwenda vyumbani, iwe na upana wa sentimita 90, na isikate katikati ya wazungumzaji wala mbele ya runinga. Njia ndogo za pembeni zinatosheka na 60 au 70. Kati ya kochi na meza ya katikati acha sentimita 40 hadi 45: ikizidi hapo mtu ananyanyuka kila anapoweka kikombe, ikipungua anagonga goti. Meza hiyo ilingane na kimo cha kikalio au iwe chini yake kidogo. Kikalio chenyewe huwa sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni. Nyumba yenye mtu mwenye magoti mabovu inahitaji kiti kimoja angalau kinachofika 48 hivi, kigumu, chenye mikono ya kushikia. Makochi ya chini yenye kina kirefu ni mazuri sana kwenye picha. Mjomba akishazama humo, mtamtoa watu wawili.

Kabla ya kununua, chukua chaki au magazeti ya zamani, uchore kochi sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Liache usiku na mchana, mlizunguke, mkipita na ndoo, mkipita na mtoto mgongoni. Ukijikuta unaruka kona ya kochi ambalo halijanunuliwa, ujue ni kubwa mno. Kisha pima mlango, pima ngazi, pima kona ya ngazi. Hapa sitasimulia kisa, naona nyuso za baadhi yenu zinasimulia zenyewe.

Viti vikishakaa ndipo mjue soketi ziwe wapi. Watu wengi hufanya kinyume: fundi umeme hupiga soketi palipo rahisi kwake, halafu nyumba nzima inaishi na nyaya zilizopita chini ya zulia. Waya chini ya zulia hukanyagwa, ganda lake huchubuka, na moto hauombi ruhusa. Runinga nayo isitundikwe juu kama picha ya mtu mkubwa. Katikati ya kioo chake pawe karibu na usawa wa macho ya aliyeketi, sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na isitazamane na dirisha. Umbali wa kuitazama ni mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya ulalo wake. Ya inchi 55 ina ulalo wa sentimita 140, kwa hiyo mita 2 na kidogo hadi 3 na nusu.

Taa. Kuna mbunifu wa Denmark aliyeitwa Poul Henningsen, ambaye tangu miaka ya 1920 alihangaika na tatizo moja tu: umeme umeleta mwanga mwingi, lakini balbu inachoma macho. Akatengeneza taa zenye vifuniko vilivyopangwa kwa tabaka, vilivyopimwa ili mwanga ushuke na kusambaa, na jicho la aliyeketi lisikutane kamwe na balbu yenyewe. Moja ya taa hizo, ya mwaka 1958, bado inatengenezwa. Hamhitaji kuinunua. Chukueni somo lake: keti kwenye kila kiti cha sebule yako usiku, taa zote zikiwaka, na tazama huku na huku. Popote unapoiona balbu uchi, pana kazi ya kufanya.

Na isiwe taa moja ya darini inayomwaga mwanga sawasawa kila pahali, maana hiyo ni taa ya kutafutia sindano. Mimi hupenda vyanzo vitatu angalau katika vimo tofauti: mmoja juu, mmoja wa kusimama kando ya kiti cha kusomea, mmoja wa chini mezani au kwenye rafu, kila mmoja na swichi yake. Jioni ukizima ya juu ukabaki na mbili za chini, chumba hujikunja karibu na watu. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi linachukuliwa kuwa la matajiri.

Sauti mtaijua kwa kupiga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi kama kiboko, chumba chako kina vitu vigumu vingi: vigae, vioo, kuta tupu, dari ya jipsamu. Watu wanne wakizungumza humo hakuna anayemsikia mwenzake, na wenye umri husumbuka zaidi. Dawa yake ni nguo: zulia, mito, makochi ya kitambaa, rafu ya vitabu iliyojaa bila mpangilio, na mapazia. Pazia liwe na upana mara mbili ya dirisha ili lipate mikunjo, maana shuka iliyonyooka dirishani si pazia. Fito yake ipande sentimita 15 au zaidi juu ya fremu na itokeze pembeni sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na dirisha libaki na mwanga wake wote. Pindo liguse sakafu. Pazia linaloishia katikati ya ukuta linafanana na suruali ya mtoto aliyerefuka.

Sasa, nilisema rangi ije mwisho, na mwisho umefika.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Akapokea malalamiko: nyuzi nyeusi mnazotuletea hazina nguvu, zimefifia. Chevreul akazipima, akalinganisha na nyeusi za viwanda vingine. Zilikuwa nzuri kabisa. Aligundua kwamba kosa halikuwa kwenye rangi nyeusi bali kwa majirani zake: nyuzi hizo zilikuwa zimefumwa kama vivuli kando ya buluu na zambarau, na rangi hizo ndizo zilizokuwa zikiidhoofisha machoni. Mwaka 1839 alichapisha kazi yake ndefu juu ya jambo hilo, kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja humbadilisha mwenzake.

Kwa hiyo unapotoka dukani na kipande cha rangi kisichozidi kiganja, umebeba rangi ambayo haipo. Itakuwepo itakapokaa kando ya sakafu yako, kochi lako, na mwanga wa dirisha lako. Hata ushauri wa mwanga unategemea ulipo. Vitabu vingi husema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga baridi, nao husema kweli kwa aliye kaskazini ya dunia. Kusini ya dunia mambo hugeuka, na karibu na ikweta jua hupita karibu utosini, hapo cha kuangalia zaidi ni mashariki na magharibi: dirisha la magharibi hupokea jua la jioni, kali na la rangi ya chungwa, linaloifanya kila rangi ya moto izidi kuwaka. Ile kanuni ya asilimia 60, 30 na 10 mnayoisikia, kwamba rangi moja itawale, ya pili ifuate, ya tatu ichokoze, si mbaya kwa anayeanza. Si amri pia.

Fanyeni hivi. Nunua kopo dogo la kila rangi unayoifikiria, paka kipande cha ubao au karatasi ngumu, tabaka mbili, kikubwa kama ukurasa wa gazeti. Usipake ukutani, rangi ya zamani itakudanganya kwa kuizunguka mpya. Kiegemeze karibu na sakafu asubuhi, kihamishie konani mchana, kiweke nyuma ya kochi usiku taa zikiwaka. Ukuta usionyooka upewe rangi isiyong'aa, kwa sababu mng'aro huanika kila bonde la plasta. Bafuni tumia ile inayostahimili kufutwa na unyevu. Mkinunua vigae, angalieni namba ya toleo iliyo kwenye boksi, zote ziwe moja, na mnunue asilimia 10 zaidi ya hesabu yenu, maana toleo la mwaka ujao halitalingana na hili hata muuzaji akiapa.

Uacheni ubao huo siku 7 nyumbani, kila mtu aupite na kusema lake. Na kama wiki ikiisha hamjaelewana, sebule ipakwe rangi ya anayekaa humo saa nyingi zaidi, na bafu lipakwe rangi ya anayelisafisha.

Maswali nitayapokea. Aliyekuja na picha za bafu lake lililobomolewa, aje mbele kwanza.